Kiangazi niliupanda Mwamba wa Tororo nisione kitu, nikarudi masika

UKISHUKA kwenye matatu mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, huna haja ya kumuuliza mtu mwamba uko wapi. Umesimama pale nyuma ya mabati ya maduka kama mzee aliyekuja kudai deni lake, na popote utakapogeukia utaukuta unakutazama.

Mimi niliutazama kutoka upande wa pili, Kenya, utoto wangu wote. Tulivuka mpaka wa Malaba mwaka 1987, vita vya Alice Lakwena vilipofika Tororo. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Kwetu ni Rubongi, karibu na kambi ya jeshi, na mahali palipo na kambi vita havipiti mbali. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akajitwika sufuria lenye unga wa mtama, akatuambia sisi wakubwa neno moja: "Mkipotea, tafuteni mwamba. Uwekeni mgongoni, mwende."

Kwa hivyo mwamba niliujua kwanza kama kitu cha kupewa kisogo. Nilianza darasa la kwanza upande wa Teso, nikamaliza Kidato cha Nne huko huko. Jioni tukicheza mpira uwanjani, jua lilikuwa likishuka upande wa Tororo na mwamba ukibaki mweusi kama jino. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba mlima wenu umeng'oka, hauna ndugu. Na kweli hauna ndugu.

Nilirudi Uganda nikiwa mtu mzima, nikaanza kufundisha jiografia na Kiswahili si mbali na Rubongi. Hapa lazima niseme kitu. Kiswahili changu cha shule za Kenya kilinipa taabu mwanzoni. Katika vijiji vyetu lugha hii ilijulikana kama lugha ya askari, na akina mama wenye umri wa mama yangu wakiisikia walikuwa wakitazama mlango kwanza. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini hadi leo nikiwasalimia watoto walio chini ya mwamba wapo wanaonijibu, "Jambo afande!"

Sasa, safari yenyewe. Baba yetu alifariki mwaka 1994 tukiwa bado ugenini. Hatukuwa na uwezo wa kumrudisha, akazikwa chini ya vilima vya Chelelemuk, katika shamba la rafiki yake Mteso aliyetupokea. Kwetu Jopadhola, mtu kulala katika udongo wa wengine si jambo la kupita hivi hivi. Baba mdogo, aliyebaki kuwa mkubwa wa boma, amekuwa akitaka mifupa ichimbuliwe iletwe Rubongi. Mama hataki. Anasema mtu aliyezikwa kwa heshima haamshwi. Maneno haya yamekaa katika ukoo wetu miaka mingi, na kila Desemba tukikutana yanafufuka.

Mwishoni mwa 2023 mama, ambaye miguu yake imechoka, aliniita. "Mwanangu, wewe una miguu. Panda juu ya mwamba uniambie kama kule kwa baba yako kunaonekana. Kama kunaonekana, basi hajatoka nyumbani." Baba mdogo aliposikia alicheka, lakini akasema atakwenda nami, nisije nikaleta habari za kumfurahisha mama tu.

Tukapanda Januari 2024, kwa sababu kila mtu atakushauri upande wakati wa kiangazi. Njia ni kavu, nyasi zimelala, hakuna nyoka wa kukanyaga kwa bahati mbaya. Ukipita karibu na uwanja wa gofu unaanza kupanda taratibu kwenye vichaka, halafu mwinuko unakuwa mkali, na penye mwamba mtupu kuna ngazi za chuma. Mwamba huu una urefu wa takriban mita 1,480 kutoka usawa wa bahari, lakini mji wenyewe tayari uko juu, kwa hivyo kinachopandwa ni kama mita 300 hivi. Si mlima wa kujivunia mbele ya watu wa Kilimanjaro. Magoti yangu hata hivyo hayakupewa habari hiyo.

Wanafunzi wangu huniuliza umetoka wapi. Wanajiolojia wanaeleza kwamba ni shina la volkano ya kale, lililobaki baada ya mvua za mamilioni ya miaka kula udongo laini uliolizunguka. Jiwe lake lina chokaa kwa wingi, na ndiyo sababu kiwanda cha saruji kikajengwa Tororo katika miaka ya 1950.

Tulipofika kileleni, penye milingoti ya mawasiliano, sikuona kitu. Kiangazi cha Januari kilikuwa kimeitandaza nchi yote chini ya vumbi na moshi. Watu walikuwa wakichoma nyasi mashambani, malori ya mizigo yanayosubiri kuvuka Malaba yalikuwa yakitimua vumbi, na upepo mkavu ulikuwa umechanganya vyote kuwa shuka la rangi ya uji. Niliona mabati ya mji, nikaona reli, nikaona barabara ikielekea Kenya kisha ikafutika. Mlima Elgon, mkubwa wote ule, haukuwepo. Chelelemuk ndiyo usiseme.

"Umeona?" akauliza baba mdogo. Nikasema sijaona. "Haya, kamwambie hivyo."

Nilimwambia mama. Alinyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe, halafu akasema, "Mlikwenda wakati mbaya. Nchi husafishwa na mvua."

Sikutaka kurudi masika, na sababu yangu si uvivu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuutaja mji huu kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, katika miaka kumi kati ya 1967 na 1976. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, hupanda ikielekea nyanda za juu za Elgon, na ikifika saa za alasiri huwa imejaa mawingu mazito juu ya vichwa vyetu. Kwa mwalimu, radi si hadithi. Juni 2011 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, wanafunzi 18 walikufa kwa pigo moja. Tangu siku hiyo, ngurumo ikisikika hata kwa mbali, mimi huwaondoa watoto uwanjani, na wakitaka kunicheka wacheke. Sasa mtu huyo huyo anatumwa na mama yake kwenda kusimama kando ya milingoti ya chuma mwezi wa Aprili!

Hata hivyo nilikwenda, wiki ya mwisho ya Aprili, na baba mdogo pia. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulianza kabla ya kupambazuka ili tushuke kabla ya mawingu kukusanyika. Njia ile ya Januari sikuitambua. Nyasi zilitufika kifuani, maji yalikuwa yakiteremka juu ya jiwe kama jasho, na ukungu wa kijani ulioota pale ulifanya kila hatua kuwa ya kuomba ruhusa. Baba mdogo, ambaye alichunga mbuzi huku akiwa kijana, alivua viatu. Nami nikavua. Tulichukua karibu mara mbili ya muda wa kiangazi.

Jua lilipopanda, ilikuwa kana kwamba mtu ameosha sahani. Kaskazini Elgon ulikuwa umelala mzima, mpana kuliko nilivyodhani. Kusini kabisa kitu kiling'aa. Baba mdogo alisema ni ziwa, mimi naona huenda lilikuwa bati la mtu. Chini yetu mashamba ya wimbi na mihogo yalikuwa yamegawanywa vipande vipande, na nilijaribu kutafuta mpaka wa Kenya nikashindwa. Wimbi la huku na wimbi la kule lina kijani kile kile. Mpaka huu wenyewe ni wa mwaka 1902, Waingereza walipohamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kuwa sehemu ya himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Babu wa baba yangu angezikwa Chelelemuk mwaka 1901, angekuwa amezikwa Uganda.

Nilimweleza baba mdogo jambo hilo. Hakujibu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya macho, akitazama mashariki.

"Vile viwili vilivyokaribiana," akasema. "Na kile kirefu pembeni. Si ndivyo?"

Vilikuwa ndivyo. Nimevipita nikienda shule, nimevichungia ng'ombe wa watu. Vilikuwa vya buluu, vidogo, lakini hakuna mtu aliyewahi kuishi chini yake ambaye angevikosea. Niligundua kwamba nilikuwa nimesahau kupumua. Baba mdogo alikaa chini juu ya jiwe lililolowa bila kujali suruali yake. Alikuwa na umri wa miaka 26 kaka yake alipovuka, na hakumwona tena.

Kabla ya saa nne wingu lilianza kupanda kutoka upande wa ziwa, jeusi chini na jeupe juu. Ngurumo ya kwanza ilitukuta kwenye ngazi ya chuma. Sijawahi kuteremka ngazi haraka vile, na sitamani kurudia. Baba mdogo aliniharakisha kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Tulipofika kwenye vichaka alinikataza kukimbilia chini ya mti, tukachuchumaa mabondeni, miguu pamoja, mvua ikitupiga, hadi radi ikahamia upande wa kambi.

Tuliingia nyumbani tumelowa chepechepe. Mama alikuwa ameketi barazani. Nilifungua mdomo, lakini baba mdogo akanitangulia.

"Shemeji," akasema, "kunaonekana."

Mama alitikisa kichwa polepole kukubali. Akauliza kama ule mti mkubwa uliokuwa kando ya kaburi bado umesimama. Nikamwambia kwa umbali ule mti hauonekani, ni vilima tu.

"Basi mtakwenda Chelelemuk wenyewe mkauangalie," akasema. "Nyote wawili. Na msiende na jembe."

Desemba hiyo ukoo ulipokutana, suala la mifupa halikutajwa. Baba mdogo alikuwa ameshauliza nauli ya bodaboda kutoka Malaba.