Wavu wa bomba la choo ukichakaa, nzi huhamia jikoni



Mama mmoja wa hapa Lalago, mkoani Simiyu, aliniletea mtoto anayeharisha kwa mara ya tatu katika msimu mmoja wa mvua. Nikamuuliza habari ya choo. Akajibu kwa fahari kidogo, na ilikuwa haki yake, kwamba choo chao kina zege, mlango, bati na bomba la hewa. Jioni nilipita nyumbani kwake. Juu ya bomba hapakuwa na wavu, zilibaki nyuzi mbili tatu zilizooza. Pale bomba linapotoboa bati lami ilikuwa imepasuka, maji ya mvua yanateremka nalo hadi chini, na sementi ya sakafuni imeacha upenyo wa kuingia kidole. Nzi walikuwa wakitokea humo. Jiko lilikuwa hatua kumi tu.

Wengi tunadhani bomba lile ni la kutoa harufu peke yake. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni, kwa hiyo hewa safi huingia kwa tundu la choo na harufu hutokea juu. Lakini kuna kazi ya pili. Nzi aliyezaliwa shimoni hufuata mwanga. Choo kikiwa na giza kiasi, mwanga anaouona ni wa juu ya bomba, basi hupanda, hukuta wavu, na hufia hapo. Choo cha namna hii kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970 na mtaalamu Peter Morgan wa maabara ya Blair. Walipolinganisha vyoo viwili kwa siku 78, kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953, chenye bomba na wavu kilitoa 146.

Sasa utaona hasara ya wavu kutoboka. Bomba lililokusudiwa kuwa mtego huwa njia ya nzi kuingia na kutoka, nao hubeba miguuni vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo.

Madrasa tulifundishwa kwamba najisi ndogo isiyoonekana kwa jicho, kama ile iliyobebwa na mguu wa nzi, imesamehewa, na swala ya mtu inasihi. Hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu katika ibada. Mtu asiifanye hoja ya kuacha chakula wazi, kwani tumbo la mtoto wa mwaka mmoja halijui msamaha huo.

Kabla ya kupanda juu, pima kwanza. Washa udi, ushike shubiri moja juu ya tundu la choo, wala usitumbukize moto shimoni. Moshi ukivutwa chini, bomba linavuta. Ukielea au ukirudi juu, huenda bomba limezibwa na utando wa buibui na nzi waliokufa, au kuna upenyo mahali.

Panda asubuhi bati halijapata moto, ukanyage penye boriti. Ondoa wavu wa zamani, mimina ndoo ya maji ndani ya bomba kuangusha uchafu, kisha funga wavu mpya kwa waya. Chagua wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu ya milimita moja na nusu hivi. Wa plastiki hukaangwa na jua, na wa waya wa kawaida huliwa na hewa ya shimo. Bomba lenyewe lipite paa kwa nusu mita au zaidi.

Penye bati, mafundi wengi hupaka saruji. Haidumu, kwa sababu bati hutanuka mchana na kunywea usiku, saruji ikapasuka. Kata kipande cha tyubu ya gari, toboa tundu dogo kuliko bomba, kivishe kwa nguvu, kikaze kwa waya, kisha paka lami kwenye kingo zinazolala juu ya bati. Chini, penye zege, hapo ndipo saruji mpya inapofaa. Ukimaliza nawa kwa sabuni, na nguo iliyoguswa na najisi itwaharishwe.

Choo chenye bomba hakitaki kifuniko kinachobana, kwani kinakata hewa. Kisicho na bomba ndicho cha kufunikwa. Na usivunje ukuta kuweka dirisha kubwa: nzi watafuata mwanga huo.

Nisikudanganye kuwa wavu unamaliza yote. Mbu wa shimo lenye maji, na sisi tunaostanji tunamwaga maji mengi, hawafuati mwanga kama nzi. Kule Makunduchi, Unguja, miaka ya 1980 ilibidi watafiti wamwage chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya mashimo ili kuwazuia. Pia nzi wanaosambaza trakoma huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa nje, hivyo cha mtoto nacho kitupwe chooni.

Yule mtoto alipewa ORS na zinki ya siku kumi. Wako akiharisha na macho yakadidimia, akashindwa kunywa, au kukiwa na damu, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya, ukimnywesha ORS njiani kama anaweza kumeza.

Wabillahi tawfiq.