Urithi pekee haumfanyi mtoto mjinga

Ipo hukumu moja ambayo hupitishwa kila muhula katika vyumba vya walimu nchini, tena bila shahidi wala wakili. Mwanafunzi ameanguka hesabu. Mwalimu mmoja anakumbuka kwamba kaka yake aliyemtangulia alianguka vivyo hivyo, na baba yao hakulimaliza darasa la saba. Basi kesi imekwisha. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," husemwa, na daftari likafungwa. Siku hizi wapo hata wanaoivisha methali hiyo joho la kisayansi: ati ni jeni.

Mimi nashikilia kwamba sayansi hiyo ya jeni, ikisomwa hadi ukurasa wa mwisho, haimruhusu mwalimu kulifunga daftari lile.

Na tuanzie shambani. Mbegu ya mahindi ya H614 ilizalishwa Kitale kwa ajili ya nyanda za juu. Ipande Trans Nzoia mvua ya masika inapoanza, nawe utavuna magunia ya kujivunia. Chukua mbegu hiyo hiyo, kutoka katika mfuko uo huo, uipande Makueni ambako mvua hukatika mapema. Huenda ikakauka kabla ya kubeba. Mahindi ya Katumani, yaliyokusudiwa nchi kavu na yanayokomaa upesi, yatampatia mkulima wa Makueni chakula, lakini yapeleke Kitale uone yatakavyoachwa nyuma na H614. Sasa nauliza: mbegu ipi ni bora? Swali hilo halina jibu mpaka anayeuliza ataje shamba. Wala hakuna awezaye kuligawa gunia akasema debe hili limeletwa na mbegu na debe lile limeletwa na mvua. Walimu wa hesabu watanielewa: ni nani awezaye kueleza ni kiasi gani cha eneo la mstatili kilicholetwa na urefu, na ni kiasi gani kilicholetwa na upana?

Sababu yake ni kwamba jeni si amri inayojitekeleza. Ni maagizo, hasa ya kutengeneza protini, na maagizo yasiyosomwa hayatengenezi chochote. Seli ya ini lako na seli ya jicho lako zina maandishi yale yale; tofauti ni kurasa zinazofunguliwa na zile zinazofungwa. Chakula, joto, homoni, maradhi na hata hofu ya muda mrefu vinaweza kuzifungua au kuzifunga kurasa hizo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo mzingani. Malkia wa nyuki na watumishi wake wote ni majike, na buu yeyote jike mchanga anaweza kuwa malkia au mtumishi kwa jeni zile zile alizo nazo. Kwa siku tatu hivi za mwanzo, mabuu wote hulishwa maji mazito meupe yatokayo katika tezi za vichwa vya nyuki walezi. Kisha wengi hubadilishiwa chakula, wakapewa mchanganyiko wenye asali na chavua. Wachache waliotengewa vyumba vipana huendelea kulishwa kile cha kwanza, tena kwa wingi. Hao ndio wanaokuwa malkia: huishi miaka, na katika msimu mwema hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Dada zao hufa baada ya majuma machache ya kazi, bila kutaga.

Mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walichapisha jaribio la ajabu. Waliinyamazisha ndani ya mabuu jeni moja iitwayo Dnmt3, ambayo husaidia kubandika alama za kikemikali juu ya jeni nyingine. Wengi wa mabuu hao walitokea wakiwa na viungo vya uzazi vya malkia, ilhali wenzao waliolishwa sawa nao, lakini ambao jeni hiyo haikuguswa, wengi walitokea watumishi. Yaani tumeonyeshwa mojawapo ya njia ambazo chakula hupitia kuzifikia jeni.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Mlishe buu wa nzi chakula hicho mpaka asaze, hatakuwa nyuki. Na mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili hataponywa na uji. Urithi una nguvu, ila haufanyi kazi peke yake.

Kwa binadamu, ushahidi uko hapa hapa Kenya. Mwaka 2025 watafiti wa Kenya na wenzao wa Marekani walieleza kwamba Waturkana wana mabadiliko ya kijeni, likiwemo lile linaloihusu jeni ya STC1, yanayodhaniwa kuusaidia mwili kustahimili uhaba wa maji. Jeni hiyo huitikia homoni inayoliambia figo lihifadhi maji. Lakini utafiti uliotangulia, wa mwaka 2020, ulikuwa umegundua kwamba Waturkana waliohamia mijini walikuwa na unene na shinikizo la damu kuliko wafugaji, na kwamba mazingira ya mjini ya utotoni yalikuwa na athari yake ya ziada. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha.

Nirudi kwa yule mwanafunzi wetu. Hakuna jeni moja ya hesabu. Uwezo wa kujifunza unahusishwa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Isitoshe, ndugu wawili hawashiriki damu peke yake. Hushiriki sufuria moja, koroboi moja, paa moja linalovuja, na mara nyingi shule moja ambamo wanafunzi watano wanagombea kitabu kimoja. Wakianguka wote wawili, mwalimu amejuaje kwamba ni damu na wala si koroboi?

Rekodi za shule ambazo nimewahi kuziona huwa na nafasi ya alama za mtoto, jina la mzazi na karo iliyobaki. Sijaona hata moja yenye nafasi ya kuandikwa kama alikula asubuhi, au alitembea kilomita ngapi kabla ya kengele.