Besi Kuukuu Haina Mbadala

Ukimwona mpiga besi akikataa gitaa jipya, usidhani anaringa. Mkono wake umeshazoea la zamani.

Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alitoa besi ya umeme iitwayo Precision. Kabla ya hapo besi ilikuwa dude la kusimama, zito kubeba, na sauti yake ikimezwa na ngoma na tarumbeta.

James Jamerson wa studio za Motown, Detroit, aliipenda Precision yake ya mwaka 1962. Alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na nyuzi zake nene hakuzibadilisha mpaka zikatike. Uchafu wa vidole, kwake, ndio uliotia utamu! Gitaa hilo liliibwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983, wala halijaonekana tena.

Paul McCartney alibahatika. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na Höfner yenye umbo la fidla, pande zote sawa, haikuonekana imegeuzwa. Aliinunua Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi; ikaibwa London mwaka 1972. Alikuwa na uwezo wa kununua duka zima, lakini ni hiyo iliyotafutwa, ikarudi baada ya miaka zaidi ya 50. Kumbe ilikuwa imelala darini.