Mwenzako akinyolewa: Ushirika uliovamiwa na wadukuzi useme au unyamaze?

SEPTEMBA ni mwezi wa pilikapilika katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Mahindi na soya huanza kuvunwa, malori hupanga foleni kwenye mizani ya vyama vya ushirika, na mkulima asiye na mahali pa kupeleka mzigo wake hutazama mawingu kwa wasiwasi.

Ni katika mwezi huo, mwaka 2021, chama cha ushirika cha New Cooperative, chenye makao yake mjini Fort Dodge, kilipojikuta kompyuta zake zimetekwa. Kundi la wadukuzi lililojiita BlackMatter lilipenyeza programu inayofunga mafaili, mfano wa mtu anayetia kufuli lake kwenye ghala la mwenzake, kisha likadai kikombozi cha dola milioni 5.9 za Marekani ili litoe ufunguo.

Uongozi wa chama ulizima mifumo yake, ukaviarifu vyombo vya dola na kutafuta njia nyingine za kupokea nafaka na kusambaza chakula cha mifugo. Siku hizo hizo, ushirika mwingine, Crystal Valley wa Mankato katika jimbo la Minnesota, nao ulivamiwa. Malipo ya wateja kwa kadi yakakwama.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo leo linamhusu kila anayeweka hesabu zake kwenye kompyuta au simu, kuanzia benki kubwa hadi chama cha akiba na mikopo cha kijijini: aliyevamiwa awaambie wenzake, au afunge mdomo ili kulinda jina lake?

Wawili ni kisa, wanane ni mpango

Faida ya kusema ilionekana Aprili 2022. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwa vyama vya ushirika vya wakulima likieleza kuwa vyama sita vya nafaka vilivamiwa katika msimu wa mavuno wa 2021, na kwamba mapema 2022 kulikuwa na mashambulizi mengine mawili ambayo yangeweza kukwamisha mbegu na mbolea kabla ya kupanda.

Kila chama peke yake kingeweza kudhani kimepata bahati mbaya. Taarifa zilipowekwa pamoja, sura ikabadilika: huenda wahalifu wanaufuata msimu. Wanajua kwamba mkulima mwenye mzigo shambani hawezi kusubiri, hivyo ushirika wake nao utashawishika kulipa haraka. Habari hiyo ni ya thamani kwa chama ambacho hakijaguswa bado, kwa sababu kinaweza kukagua mifumo yake kabla ya msimu na kuweka nakala za kumbukumbu mahali ambapo mdukuzi hafiki.

Aidha, mbinu moja ya udukuzi hutumika kwa watu wengi. Barua pepe ya ulaghai iliyomnasa mhasibu wa chama kimoja leo inaweza kutumwa kwa mhasibu wa chama cha jirani kesho. Aliyekwisha kuiona akitoa taarifa mapema, jirani huifuta bila kuifungua. Chama kidogo ambacho hakina uwezo wa kuajiri mtaalamu wa kompyuta hufaidika zaidi, kwani hupata bure kile ambacho mwenzake alikilipia kwa hasara.

Kwa nini wengi hunyamaza

Hata hivyo, kunyamaza nako kuna sababu zake, na si zote ni za woga.

Ya kwanza ni imani ya wateja. Chama cha akiba kikitangaza kuwa kimedukuliwa, wanachama wanaweza kukimbilia kutoa fedha zao siku hiyo hiyo. Ya pili ni ushindani. Mfanyabiashara mwenzako unayempa tahadhari kwa nia njema anaweza kuitumia kukuchafua sokoni.

Ya tatu ni siri za watu. Orodha ya walioathirika ina majina, namba za simu na salio la kila mmoja. Ikipelekwa ovyo, mwathirika anaibiwa mara ya pili. Ya nne ni uchovu wa tahadhari: anayepokea onyo kila saa hatimaye huacha kuyasoma, na lile la kweli humpita.

Kuna pia tatizo la wanaotaka kupokea bila kutoa. Sekta ya chakula na kilimo ya Marekani iliwahi kuwa na kituo cha kupashana habari za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini kilifungwa mwaka 2008 baada ya wanachama kutopashana habari za kutosha. Kituo kipya hakikuzinduliwa hadi Mei 2023. Benki za nchi hiyo zina kituo chao tangu 1999.

Ufunguo uliotangazwa mapema

Kisa kinachoonyesha ugumu wa jambo hili ni cha kundi la DarkSide, ambalo wataalamu wengi huliona kuwa mtangulizi wa BlackMatter.

Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, wataalamu wawili waligundua kasoro katika programu ya DarkSide. Kwa kuitumia kasoro hiyo, waliweza kufungua mafaili ya waathirika bila kulipa kikombozi. Walifanya kazi hiyo kimyakimya. Lakini Januari 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Bitdefender, iliyogundua kasoro hiyo hiyo, iliuweka ufunguo hadharani ili kila mwathirika aupate bure. Wadukuzi nao wakasoma tangazo hilo, wakaziba kasoro na kuishukuru kampuni hiyo kwa kejeli. Mei mwaka huo, DarkSide ilivamia Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta la mashariki mwa Marekani, ambayo ililipa kikombozi cha takriban dola milioni 4.4.

Wapo waliolaumu tangazo lile. Bitdefender ilijitetea kwamba mwathirika asiyejua kuwa kuna msaada hawezi kuuomba. Pande zote mbili zina hoja.

BlackMatter ilipoibuka, kampuni ya Emsisoft iligundua kasoro katika programu yake pia. Safari hii haikutangaza. Iliwadokeza polisi na vituo vya dharura za kompyuta vya nchi mbalimbali ili wawaelekeze waathirika kwake, na ilieleza hadharani Oktoba 2021 tu, baada ya wadukuzi kuiziba kasoro hiyo wenyewe.

Somo ni kwamba swali halisi si kusema au kunyamaza pekee. Ni kumwambia nani, kitu gani, na lini.

Rangi nne za siri

Wataalamu wa usalama wa mitandao wana utaratibu unaofanana na taa za barabarani. Taarifa yenye rangi nyekundu ni ya wale walioambiwa tu, na haitoki hapo. Ya rangi ya kaharabu inaweza kufika ndani ya taasisi na kwa wateja wake wanaohitaji kujua ili wajilinde. Ya kijani ni ya wanajumuiya wa sekta hiyo. Isiyo na rangi ni ya watu wote. Anayetoa taarifa ndiye anayechagua rangi.

Jambo jingine ni kutenganisha mbinu na mtu. Namba ya simu ya tapeli, anwani ya barua pepe aliyotumia, maneno ya ujumbe wake na saa aliyoutuma ni vitu vinavyomsaidia jirani. Jina la mwanachama aliyeibiwa na kiasi alichopoteza havimsaidii. Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 kuhusu kupashana taarifa hizi ilifuata njia hiyo: ilizitaka kampuni kuondoa habari binafsi zisizohusiana na tishio kabla ya kutuma, nayo ikazipa kinga dhidi ya kushitakiwa kwa kutoa tahadhari.

Huku kwetu

Katika Afrika Mashariki, kunyamaza kabisa si hiari ya kila mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inamtaka mwenye mfumo uliovamiwa kuitaarifu kamati ya taifa inayohusika ndani ya saa 24. Tanzania ina kitengo cha kushughulikia matukio ya dharura ya kompyuta, TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomkataza mtu kusambaza ovyo habari za wateja wake.

Kwa wakala wa fedha za simu au mwenye duka, mambo ni mepesi zaidi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haumfikii mtu mmoja. Anayeufuta na kukaa kimya amejiokoa peke yake. Anayeipeleka namba ya tapeli TCRA kupitia 15040, kisha akawaonya mawakala wa mtaa wake, amewaokoa na wengine.

Vyama vya ushirika na vya akiba na mikopo vinaweza kuanza kwa hatua ndogo: kukubaliana kabla ya msimu nani atapigiwa simu katika kila chama, nini kitasemwa na nini kitabaki siri. Makubaliano hayo hayahitaji mtambo wala fedha nyingi. Yanahitaji kufanywa mapema, kwa kuwa siku kompyuta ya mizani inapogoma kufunguka, na malori yamejipanga hadi barabarani, hakuna mwenye muda wa kuitisha mkutano.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini ili utie maji, lazima kwanza mwenzako akuambie kwamba wembe umefika.