Mtoto Akikutwa na H. pylori, Usikimbilie Vidonge

Mtoto wa darasa la tatu analalamika tumbo kila asubuhi. Zahanati wanamtoboa kidole, tone la damu linadondoshewa kwenye kipimo cha plastiki, na punde mistari miwili inajitokeza. Mzazi anaambiwa mtoto ana H. pylori na anarudi nyumbani na mfuko wa dawa za vidonda vya tumbo. Mara nyingi hatua hiyo huwa ya haraka mno.

Helicobacter pylori ni bakteria anayejificha kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Tindikali inayoua vijidudu vingine haimwezi, kwa sababu hutengeneza amonia inayopunguza ukali wake pale alipo. Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982, na ugunduzi wao ukawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo kwa watu wazima, na tangu mwaka 1994 ametambuliwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani ya tumbo. Si wa kupuuzwa.

Hata hivyo, wengi humpata utotoni, humo humo nyumbani, kwa mate, matapishi au kinyesi, hasa penye msongamano na uhaba wa maji safi. Wengi wao hukaa naye miaka mingi bila kuumwa. Watoto wachache sana hupata vidonda, na saratani, ikitokea, huja ukubwani. Kumkuta tumboni mwa mtoto, basi, si ushahidi kwamba ndiye anayeleta maumivu.

Kipimo chenyewe nacho kina kasoro. Kile cha damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kama kovu linavyobaki baada ya kidonda kupona. Miongozo ya madaktari wa watoto haikitegemei. Vipimo bora ni vya kinyesi na pumzi, navyo hutaka mtoto awe ameacha antibaotiki kwa wiki nne na dawa kama omeprazole kwa wiki mbili. Anayeshukiwa kuwa na kidonda huhitaji kuchunguzwa kwa kamera ya tumbo.

Kabla ya hapo, tutazame yaliyo ya kawaida zaidi: minyoo, kichocho, maambukizi ya njia ya mkojo, na kufunga choo. Hili la mwisho husahaulika sana. Mtoto anayekuta choo cha shule kichafu, hakina maji wala mlango, hujibana mpaka jioni. Kinyesi hukauka, na akishaumia mara moja anapojisaidia, huogopa kurudia. Muulize mwanao amekwenda choo lini na kama alipata choo kigumu. Muulize pia kama kuna mtu au somo analoliogopa, maana wasiwasi nao huumiza tumbo kweli, mtoto hajifanyi.

Zipo dalili zisizosubiri: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito, kutapika mara kwa mara, maumivu yanayomwamsha usiku, au upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma. Ukiziona, mpeleke hospitali. Kama anatapika damu au ana choo cheusi, usingoje kesho.

Daktari akithibitisha kwamba tiba inahitajika, kwa kawaida mtoto hupewa antibaotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali kwa siku 14, kwa kipimo cha uzito wake. Dozi iliyokatizwa hufundisha bakteria usugu, na safari ya pili huwa ngumu zaidi. Angalau wiki nne baada ya kumaliza, apimwe tena kwa kinyesi au pumzi.

Kwa wote nyumbani, kinga ni kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, kunywa maji salama, na kutomtafunia mtoto chakula. Na ukiwa mbele ya daktari, usiishie kuuliza kama mtoto ana bakteria. Uliza ni nini hasa kinachomuuma, na usiondoke mpaka umeeleweshwa.