Kichwa Kinachoamsha Mtu Usiku

Huku Kitui na Makueni tunakutana na watu wanaoamshwa usiku, saa ile ile, na maumivu makali nyuma ya jicho moja. Jicho linatoa machozi, pua inaziba, mtu hatulii. Jamani, si kurogwa. Usiuze mbuzi kwa ajili ya mganga.

Melatonini ni homoni ya usingizi ambayo mwili hutengeneza gizani. Mwaka wa 1996 madaktari wa Italia waliripoti kuwapa wagonjwa 10 miligramu 10 kila jioni. Watano walipata nafuu. Basi inasaidia wengine, si wote. Tena ni ya kuzuia tu. Maumivu yakishaanza, oksijeni ya hospitali ndiyo husaidia.

Pombe acha kabisa, na umwone daktari kwanza.