Kuishi Kisasa katika Nyumba za Mawe za Pwani

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji iliyotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, huku dari zake zikibebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, ambayo urefu wake ndio uliovifanya vyumba viwe vyembamba.

Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa polepole kupitia lipu ya chokaa; kwa hiyo anayezipiga lipu ya saruji, ambayo huzuia unyevu kutoka, hufungia maji na chumvi ndani mpaka lipu ibanduke na mawe yamomonyoke. Bafu la kisasa nalo linahitaji sakafu isiyovuja na mabomba yanayofikika kwa urahisi, kwa kuwa maji yanayopenya huozesha boriti. Ua wa ndani, unaopitisha hewa na mwanga, usiezekwe ili kupata chumba kimoja zaidi, maana kuuziba ni kuinyima nyumba nzima ubaridi wake wa asili.